Magodoro ya Mwasengo

Kamusi elezo ya mtandaoni ilisema kwamba kijiji chetu cha Mwasengo ni maarufu tangu zamani kwa ufundi wa kushona magodoro ya pamba. Ulikuwa uongo. Hakuna fundi magodoro aliyewahi kuishi Mwasengo. Shirika moja la wafadhili likaisoma sentensi hiyo, likaipenda, likasema litajenga karakana ya magodoro kijijini kwetu. Lilitaka kitu kimoja tu: sisi wahariri tulipitie jambo hilo na kuthibitisha kwamba ni kweli.

Naitwa Mayige Bundala. Nachomelea mageti na madirisha ya chuma pale Somanda, mjini Bariadi. Shule niliishia darasa la saba. Watu wakisikia kwamba mimi ni mhariri wa kamusi elezo wanafikiri nawatania, na siwalaumu.

Ilianza siku umeme ulipokatika nikiwa na geti nusu. Nikakaa juu ya vyuma nikachezea simu, nikaitafuta kata yetu. Nikakuta imewekwa mkoa wa Shinyanga, wakati Simiyu ilishakuwa mkoa na watoto waliozaliwa mwaka huo wameanza shule. Nikakasirika, nikabonyeza mahali palipoandikwa "hariri", nikasahihisha. Kesho yake nikakuta ujumbe: "Karibu sana. Tafadhali weka chanzo." Nikajibu: "Chanzo ni mimi. Nakaa hapa." Ukarudi ujumbe mwingine: "Wewe si chanzo."

Aliyeandika hivyo ni Mwalimu Debora, anayefundisha historia sekondari, umbali wa kutupa jiwe kutoka karakana yangu. Nilikwenda kumfuata ili nigombane naye. Tukaishia kunywa soda. Tangu hapo ni miaka sita. Tumeandika makala za kata nyingi za mkoa huu, mimi na yeye na Joakim, kijana wa Nyashimo, kule ziwani, mwenye duka la kutoa fotokopi na kuchapa barua hapa mjini. Tunakutana kwake Jumamosi mchana. Hatulipwi na mtu. Vifurushi vya intaneti tunajinunulia. Nasema kweli, katika kazi zote nilizofanya kwa mikono hii, hiyo ndiyo ninayoitaja kwanza nikiulizwa.

Jumamosi moja Mwalimu alikuja na ujumbe wa lile shirika ameuchapa kwenye karatasi. Akausoma kwa sauti. Karakana yenye umeme, cherehani, mafunzo kwa vijana, yote kwa ajili ya "kufufua ufundi wa asili wa magodoro ya Mwasengo."

Nilicheka mpaka nikakohoa.

"Mzee Mayige, kuna nini?" Mwalimu akauliza.

"Ufundi wa asili! Mwalimu, hilo ni tusi. Tunatukanwa hivyo na vijiji vya jirani tangu mwaka tisini na tano. Watu wa magodoro. Nikiwa kijana, ukienda mnadani Mwandoya kuuza mbuzi, mtu anakuuliza bei, halafu anasema, 'Na godoro je, umeliacha nyumbani?' Watu wamepigana kwa ajili ya neno hilo."

"Kwa nini magodoro?"

Nikawaeleza, na ninaeleza hapa pia, maana bila hiyo huwezi kuelewa kilichofuata.

Pamba kwetu ilikuwa na madaraja mawili. Ile nyeupe, iliyofunguka vizuri, isiyo na jani wala udongo, inaitwa safi. Ile ya manjano, iliyoliwa na wadudu au iliyodondoka chini, inaitwa fifi. Kabla ya kwenda sokoni mnakaa nyumbani mnachagua, hii huku, hii huku. Kazi hiyo ni ya kuchosha macho. Kila kaya ilikuwa na sifa yake, na kaya ya Bundala ilijulikana kwa safi. Si kwa sababu ya baba. Ni kwa sababu ya mama yangu, Nyanjige. Yeye alikuwa akipita nyuma yetu tukichagua, anaingiza mkono kwenye gunia la safi mpaka kwapani, na akitoa kipande kimoja cha fifi mnamwaga gunia lote na kuanza upya. Wanawake wengi wa Mwasengo walijifunza kwake. Chama cha msingi cha ushirika kilikuwa kinanunua safi kwa bei yake na fifi kwa bei yake, na karani alipoona gunia limetoka Mwasengo hakulichungulia sana.

Halafu likaja soko huria. Msimu ule chama hakikuwa na fedha, ghala lake limefungwa kufuli. Likaja lori la mnunuzi binafsi. Sisi tulifurahi, lori lilikuwa zuri, na yule bwana alikuwa na fedha taslimu ndani ya begi. Akatundika mizani uwanjani, akatandika turubai kubwa. Mtu wa kwanza akapima safi yake, ikamwagwa kwenye turubai. Wa pili akapima fifi, tena fifi yenye mchanga, ikamwagwa juu ya ile ile. Bei moja.

Mama alikuwa wa tatu. Gunia lake lilikuwa limeshaning'inia kwenye mizani. Akauliza, "Safi inakwenda wapi?"

Yule mnunuzi akasema, "Mama, hayo ya zamani yamekwisha. Hili ni soko huria. Pamba ni pamba."

Mama akalishusha gunia lake. Peke yake. Gunia la pamba iliyoshindiliwa si mchezo, lakini alilishusha, akalifunga mdomo, akamwambia, "Huria ni pamoja na kutokuuza." Akaondoka nalo kichwani. Baba akabaki amesimama. Halafu mke wa jirani naye akashusha. Halafu mwingine. Kabla ya jua kukaa katikati, uwanja wa Mwasengo ulikuwa na lori, mizani, turubai lenye pamba ya watu wawili, na mnunuzi anayetukana.

Lori likaenda vijiji vingine na likajaa. Sisi tukasubiri chama kifungue. Hakikufungua. Mvua zikaanza, nyumba zetu zilikuwa ndogo, magunia yamejaa kila mahali, hakuna pa kulala. Tukalala juu yake. Kijiji kizima kililala juu ya pamba safi. Na mtu wa kwanza kupita kijijini akaliona hilo, akalipeleka alikokwenda. Watu wa magodoro.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mwaka uliofuata tulichanganya kama wenzetu, sitaficha. Lakini msimu mmoja tulikataa, na sijasikia kijiji kingine cha huku kilichokataa.

Nilipomaliza, Mwalimu Debora alivuta kiti karibu na kompyuta. Kisha akasema neno lake lile lile. "Imeandikwa mahali?"

"Yaya, hapana. Haijaandikwa."

"Gazeti? Ripoti ya kilimo?"

"Mwalimu, mwandishi wa habari gani angekuja kuangalia watu wamelala?"

"Basi tuangalie kwanza hii ya magodoro imeandikwa wapi." Akafungua ukurasa wa Mwasengo kwenye kompyuta ya Joakim. Sentensi ilikuwa na rejeo. Rejeo lilikwenda kwenye tovuti fulani ya kutangaza fursa za uwekezaji. Na tovuti hiyo ilisema maneno yale yale, hata kosa la herufi lilikuwa lile lile: badala ya "maarufu" pameandikwa "maarufi".

"Maarufi," nikasema. "Huyu amenakili kwa huyu."

"Swali ni nani amenakili kwa nani." Mwalimu akafungua historia ya ukurasa, mahali panapoonyesha kila badiliko na tarehe yake. Sentensi iliingia kwenye kamusi yetu kwanza. Tovuti ikaandika baadaye. Kisha mtu mwingine, kwa nia njema, akaiona tovuti, akaiweka kuwa chanzo cha sentensi yetu.

"Kwa hiyo sisi tunajishuhudia wenyewe," Mwalimu akasema. "Tovuti imesoma kwetu, nasi tunaitaja tovuti. Na aliyeiandika mwanzo ni mtu anayejiita Kijana wa Ziwa. Mnamfahamu?"

Joakim alikuwa amegeukia mashine ya fotokopi, anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Joakim."

"Ni mimi, Mwalimu."

"Wewe?"

"Ndilo jina langu la mwanzo, kabla sijasahau nywila. Ilikuwa wiki ya kwanza ya mafunzo yako ya wahariri wapya. Ulisema kila mtu aandike sentensi moja kuhusu kijiji anachokijua."

"Na wewe Mwasengo unakijuaje?" nikamuuliza. "Wewe umezaliwa na dagaa mdomoni."

"Shangazi yangu alikuwa anapeleka dagaa huko. Akirudi Nyashimo anasema, 'Leo nimetoka kwa watu wa magodoro.' Mimi mtoto, nikajua wanashona."

"Hukuuliza?"

"Kaka Mayige, ningeuliza nini? Mtu akisema ametoka kwa watu wa samaki, unamuuliza kama wanavua?"

Tulicheka sote, hata yeye. Lakini kicheko hakikudumu, maana ile karatasi ya shirika ilikuwa bado iko mezani. Mwalimu akasema tusiamue haraka. Aliweka hoja kwenye ukurasa wa majadiliano, kama tunavyofanya siku zote, akatoa wiki moja kwa mtu yeyote mwenye chanzo huru kukileta.

Aliyefika kabla ya wiki kwisha ni Sayi.

Sayi ni mwenyekiti wa kijiji cha Mwasengo. Tulichunga ng'ombe pamoja, tulitahiriwa zahanati moja. Alikuja na pikipiki mpaka mlangoni pa karakana yangu, akasubiri nizime mashine, akasalimia vizuri, akakaa juu ya dumu.

"Nasikia mnakaa baraza kuhusu kijiji changu."

"Kijiji chetu."

"Basi vizuri kama bado ni chako. Wale wafadhili wamenipigia. Wanasema wanasubiri jibu lenu. Nikasema ah, hilo limekwisha, mmoja wa wahariri ni mtoto wa Bundala, tumezaliwa pamoja."

"Umewaambia tunashona magodoro?"

"Sikuwaambia kitu. Wamesoma wenyewe. Mimi nilinyamaza."

"Ulinyamaza vizuri."

"Usinifanyie hivyo, Mayige." Akasogeza dumu karibu. "Sikiliza. Vijana wangu wanakaa kijiweni tangu asubuhi. Pamba unaijua ilivyo. Karakana ikija, wanaanza kazi. Orodha nimeshaipeleka, na Goodness wa dada yako yumo, nimemwandika wa kwanza kabisa. Uongo huu unamuumiza nani? Nitajie mtu mmoja."

Nilifikiri. Sikumpata haraka.

"Unaona? Tena wakianza kushona, ndiyo kweli yenyewe. Mwaka mmoja tu, ukija Mwasengo unakuta magodoro. Sentensi yenu itakuwa sahihi."

"Haikuandikwa kwamba wataanza. Imeandikwa tangu zamani."

"Kwa hiyo unaua kijiji kwa maneno mawili."

"Sijaua mtu. Kawaambie wafadhili ukweli: hatujui kushona, tufundisheni."

"Nimeshawauliza kwa mbali. Fungu lao ni la kufufua ufundi wa asili. Kama hakuna asili hakuna fungu." Akasimama, akapangusa suruali. "Ninyi wasomi mna shida."

"Msomi gani? Mimi la saba."

"Ndiyo maana inaniuma zaidi. Angekuwa yule mwalimu ningeelewa." Akawasha pikipiki. "Kamuulize mama yako. Goodness ni mjukuu wake. Akisema futa, mimi sitasema tena."

Nikaenda. Jumatano nilifunga karakana mapema nikapanda bodaboda hadi Mwasengo. Mama sasa ni mtu mzima sana, lakini macho yake bado yanaweza kukuonyesha uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Nilimkuta uani, amekaa kwenye ngozi, miguu ameinyoosha, mbele yake pamba ya kishamba chake kidogo cha nyuma ya nyumba. Anachagua. Hii huku, hii huku. Nimeshamwambia mara nyingi kwamba akifika mizani watachanganya tu. Ananijibu kwamba hilo ni la kwao.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola."

"Umekuja mchana, una njaa au una neno?"

"Nina neno."

"Basi utakula baadaye."

Nikamweleza. Kamusi elezo ni nini anajua, maana nimewahi kumwonyesha jina la kijiji chetu kwenye simu na alilitazama muda mrefu. Nilipofika kwenye magodoro mikono yake ikasimama.

"Wameandika kwamba mimi nilishona magodoro?"

"Hawakukutaja wewe. Wametaja kijiji."

"Kijiji kililala juu ya pamba ya nani? Nani alitoa gunia kwenye mizani? Fundi godoro anakaa anangoja mtu amletee kitambaa. Mimi nilikataa fedha zikiwa zinaonekana! Zilikuwa kwenye begi, nimeziona."

"Najua, mayu. Nilikuwepo."

"Jirani akinitukana magodoro sikuona shida, yeye anajua anachosema. Anajua tulikataa, ndiyo maana anatukana. Lakini huyu wa kwenye simu anasifu. Anasifu kitu ambacho sikufanya, na nilichofanya hakijui. Hilo ni baya kuliko tusi."

Ndipo nikamwambia kuhusu karakana, cherehani, na Goodness.

Hapo mikono yake ikarudi kwenye pamba. Goodness alikuwa ndani anapika, tunamsikia anavyogonga mwiko kwenye sufuria. Ni binti mwenye akili, amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani mwaka wa pili. Dada yangu alipofariki, mama ndiye aliyemlea.

"Waambie watupe cherehani," mama akasema polepole. "Lakini wafute hilo."

"Haiwezekani, mayu. Wakifuta, hawatoi."

"Vyote viwili haviwezekani?"

"Haviwezekani. Unataka nifanyeje?"

Akachukua donge la pamba, akalitazama, akatoa kipande cha jani. "Siku ile nilipoondoka na gunia, baba yako alikuja nyuma yangu akaniuliza njia nzima, 'Tutakula nini? Mayige anakwenda sekondari na nini?' Ulikuwa umechaguliwa, unakumbuka. Mimi sikumjibu. Nilijua jibu ni baya, nikaendelea kutembea." Akaliweka lile donge kwenye safi. "Sasa na wewe unaniuliza. Usiniulize. Mimi nilikuwa na gunia langu, hilo ni lako."

Goodness akatoka na ugali na mlenda, akapiga magoti akaweka chini. Alikuwa amesikia yote, ukuta wetu si mnene. Nikamwambia, "Mwanangu, umesikia."

"Nimesikia, mjomba."

"Unasemaje?"

"Ningependa kazi," akasema. Akaenda kuleta maji ya kunawa.

Nilikula. Nikaaga, nikarudi mjini.

Jumamosi tukakutana kwa Joakim. Wiki ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeleta chanzo. Mwalimu Debora alikuwa amevaa kitenge cha sherehe kwa sababu alikuwa na harusi jioni, na alianza kazi kama hakimu.

"Kabla hatujaamua, mzee Mayige, lazima niulize. Wewe unatoka Mwasengo. Sheria inasema mwenye maslahi ajitokeze, asiamue."

"Najitokeza. Kijiji changu kitapata karakana. Mpwa wangu atapata kazi. Tena jengo litahitaji mageti mawili na madirisha yake yote, na Sayi hawezi kumpa mtu mwingine kazi hiyo."

"Kwa hiyo maslahi yako ni sentensi ibaki."

"Ndiyo."

"Na maoni yako?"

"Ifutwe."

Joakim akapiga makofi. "Mwalimu, huyu ana mgongano wa maslahi na yeye mwenyewe!"

"Nyamaza wewe maarufi," nikamwambia.

Mwalimu hakucheka. Aliniangalia. "Una hakika? Sisi wawili tunatosha kuamua. Ukitaka, kaa pembeni, na ukirudi kijijini useme hukuwepo. Nisingekulaumu."

Lilikuwa jambo la kiungwana, na lilinishawishi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Nikasema, "Andika jina langu."

Nikauliza kitu kimoja. Kama tunafuta la uongo, tuweke la kweli mahali pake: kwamba mwaka wa kwanza wa soko huria, wakulima wa Mwasengo, wakiongozwa na mwanamke anayeitwa Nyanjige, walikataa kuuza pamba safi ichanganywe na fifi. Nilikuwa nimeiandika kwenye simu, nimeirekebisha mara nyingi njiani.

Mwalimu akaisoma. Akairudia. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, au ni wanja wa harusi.

"Ni sentensi nzuri kuliko zote zilizowahi kuletwa hapa," akasema. "Nitakuambia nini?"

"Mimi si chanzo."

"Wewe si chanzo."

"Shangazi wa Joakim naye hakuwa chanzo."

"Ndiyo maana tunamfuta."

Nilitaka kubishana, mdomo ulishafunguka. Nikaufunga. Nikiruhusu yangu iingie kwa sababu naijua, basi na ya Joakim ilikuwa na haki ya kuingia, naye alifikiri anaijua. Turubai moja. Nikaifuta kwenye simu mwenyewe.

Tukamwachia Joakim afute ile yake. Alikaa mbele ya kompyuta, akaweka kidole, akageuka. "Shangazi akisikia nimemfuta kwenye intaneti ataninyima samaki."

"Futa," Mwalimu akasema.

Akafuta. Kwenye kisanduku cha kueleza sababu akaandika: "Si kweli. Niliandika mimi." Halafu Mwalimu akaliandikia shirika jibu fupi la heshima kwamba wahariri wamepitia jambo hilo na hawakupata ushahidi wowote wa ufundi wa magodoro Mwasengo, na kwamba chanzo kilichotajwa kilinakili kutoka kwetu. Chini akaweka majina yetu matatu. Nikaliona langu, Mayige Bundala, mhariri. Nilitoka nje nikasimama barabarani kidogo, bodaboda zinapita, na kama ungenikuta hapo ungefikiri nimeshinda kesi.

Nilimpigia mama. Nikamwambia imefutwa. Akasema, "Ee." Kisha akasema, "Na ile yetu?"

"Haikuingia. Haina chanzo."

Nilimsikia akicheka kidogo puani. "Sasa nyinyi mnachagua kweli kweli," akasema. "Mnanishinda mimi." Nimesifiwa mara chache maishani, na mama hasifu. Siku ile alinisifu.

Sayi alikuja mara moja tu baadaye. Hakuzima pikipiki. Akasema wafadhili wamempigia wakamshukuru kwa ushirikiano wake, na wameipeleka karakana mkoa mwingine, kwa watu wanaosuka vikapu. "Vikapu wanasuka kweli?" nikamuuliza. "Nenda kawahariri," akasema, akaondoka.

Makala ya Mwasengo sasa ni fupi. Inasema kiko kata gani, wilaya gani, na kwamba wakazi wake wanalima pamba na kufuga. Yote yana vyanzo. Naifungua mara kwa mara, sina sababu maalumu.

Gharama yake ni hii. Jengo moja lenye umeme, kwenye kijiji kisicho na jengo la umeme ila zahanati. Cherehani kumi. Mafunzo ya mwaka mzima. Nafasi za kazi ishirini na nne, na ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya Goodness, ambaye sasa anauza vocha kwenye kibanda Lamadi na anakuja kumwona bibi yake sikukuu kwa sikukuu. Salamu za Sayi, niliyechunga naye ng'ombe. Tukikutana njiani anatazama upande wa pili. Mageti mawili na madirisha kumi na sita, ambayo ningeyachomelea mimi.